Sahani ya Semule: Nguvu Zake Zatoka Wapi?

Wazazi wapendwa, na hasa ninyi akina mama ambao kila asubuhi mwasimama mbele ya moto kabla watu wengine wa nyumba hawajaamka, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya chakula kimoja cheupe, laini, chenye harufu nzuri, ambacho watoto wengi hukipenda tangu kijiko cha kwanza. Ni semule iliyopikwa kwa maziwa na sukari. Wengine huiita pudingi, wengine husema uji wa semule tu. Jina si kitu. Jambo tunalotaka kulipima ni hili: mtoto akiisha kula sahani hiyo na kushiba, amepata nini mwilini mwake?

Swali hili si la mchezo. Katika mtaa wetu yupo mama mmoja, mwenye bidii na usafi, ambaye alichukua mimba nyingine wakati mtoto wake alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Akamwachisha yule mtoto ziwa kwa ghafula, kama wengi wafanyavyo. Kwa kuwa alimpenda, hakutaka kumpa bukari ya watu wazima. Alikwenda dukani akanunua pakiti ya semule, ambayo juu yake palikuwa na picha ya mtoto anayecheka mbele ya bakuli lililojaa. Akawa anaipika kwa maji, akitia sukari vijiko vinne, mara tatu kwa siku. Mtoto alikula bila kulia. Baada ya majuma machache mashavu yake yalijaa, na majirani wakawa wanamsifu mama: «Tazama jinsi alivyonona!»

Mtu mmoja tu hakusifu. Alikuwa bibi yake mtoto, mama wa baba, aliyekuja kuwatembelea kutoka kijijini. Aliona kwamba nywele za mjukuu wake zimepoteza weusi wake, zimekuwa nyepesi na nyekundu. Aliona pia kwamba mtoto hachezi wala hacheki, anakaa tu pahali alipowekwa. Akamshika mguu, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki.

«Mwanangu,» akamwambia mkwe wake, «huyu hakunona. Amevimba.»

«Lakini anakula, Mama! Anamaliza sahani yote!»

«Naona kwamba anakula. Nakuuliza anakula nini.»

Basi na sisi tuulize swali la bibi huyo, tukianza na semule yenyewe.

Semule si unga, wala si punje nzima. Ni ngano iliyovunjwa katikati ya safari yake ya kuwa unga. Katika kinu kikubwa ngano hulowanishwa kwanza kwa saa nyingi, ili ganda lake liwe gumu kama ngozi nalo lisivunjike ovyo. Kisha hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma yenye meno, ambayo huifungua punje na kuikwangua ndani. Halafu chekeche na upepo hutenga pumba na chembechembe. Chembe zile za moyo wa punje, zilizo kubwa kuliko unga na ndogo kuliko mchele uliovunjika, ndizo semule. Iliyo bora hutoka katika ngano ngumu, ambayo wenye elimu ya mimea huiita durum, yaani «ngumu» kwa Kilatini. Ngano hiyo hulimwa katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, na pia katika mbuga pana za Kanada. Kwetu Kongo ngano hulimwa kidogo tu, kama katika milima ya Lubero. Kwa hiyo sehemu kubwa ya semule ya madukani hutokana na ngano iliyovuka bahari, na bei yake hufuata safari hiyo.

Hata jina lake limesafiri. Wafaransa husema semoule, Waitalia semola, na yote mawili yatoka katika neno la Kilatini simila, maana yake unga mzuri wa ngano. Aliyepata kusoma Biblia ya Kilatini atalikumbuka: ndilo neno linalotumika pale Abrahamu anapomwambia Sara afanye haraka kuwaandalia wageni mikate. Lakini tusipotee katika kamusi, sufuria inatungoja.

Watu wa Ulaya wameipika semule kwa maziwa tangu zamani, na kila taifa limeweka mkono wake. Wajerumani huila ikingali moto, wakinyunyizia sukari na mdalasini. Waholanzi huimwaga katika chombo cha umbo zuri, huiacha ipoe na kuganda, kisha huipindua juu ya sahani na kuizungushia mchuzi mwekundu wa matunda madogo yenye ukali. Wafaransa huoka mkate wa semule wenye zabibu kavu na sukari iliyounguzwa. Wafini huipika pamoja na matunda ya porini, halafu huipiga kwa nguvu mpaka inafura na kuwa ya rangi ya waridi. Waturuki hawatumii maziwa sikuzote. Huikaanga katika siagi mpaka inanukia, huitia maji matamu, na kuigawia watu waliokuja kumlilia marehemu. Nadhani ni desturi yenye hekima, kwa sababu mwenye msiba hawezi kutafuna, lakini kitu laini na kitamu hupita.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila mtoto wa Ulaya huipenda. Huko Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1944 iliwapa wenye mamlaka ya wilaya wajibu wa kuwapa wanafunzi chakula cha mchana, na semule yenye kijiko cha jamu katikati ikawa chakula cha siku nyingi. Wazee wengi wa nchi ile wakikumbuka semule ya shule hukunja uso. Na Urusi, ambako watoto hupewa uji huo asubuhi, mwandishi Viktor Dragunsky alitunga hadithi mashuhuri ya kijana aliyeuchukia hata akaumwaga dirishani, nao ukamwangukia mtu aliyekuwa akipita chini. Sababu ya chuki hiyo si semule. Ni madonge, ni baridi, na ni kulazimishwa. Semule iliyopikwa vibaya kwa ajili ya watoto mia tatu, ikangoja saa nzima katika bakuli, haina haki ya kupendwa.

Basi tuseme jinsi ya kuipika vema. Kwa watu sita chukua lita moja ya maziwa, gramu 100 za semule, gramu 50 za sukari, mayai mawili na chumvi kidogo sana. Weka maziwa motoni pamoja na chumvi. Ukiwa na kipande cha ganda la limau au kijiti cha mdalasini, kitie humo. Maziwa yakianza kuchemka, punguza moto. Sasa mkono mmoja ushike semule, mkono wa pili ushike mwiko. Nyunyiza semule kama mvua nyepesi, ukikoroga bila kusimama. Anayeimwaga yote mara moja atapata madonge, na sababu yake ni rahisi kuelewa: wanga wa ngano ukiguswa na maziwa ya moto huvimba mara moja, nje ya donge hufanyika kama ngozi yenye kunata, na ndani chembe hubaki kavu, maziwa yasiweze kuzifikia. Hakuna mwiko utakaolivunja donge hilo vizuri.

Koroga juu ya moto mdogo kwa dakika kama kumi, mpaka uji uwe mzito na mwiko uache njia nyuma yake. Tia sukari. Ukitaka kuongeza mayai, epua sufuria kwanza, piga viini pembeni pamoja na kijiko kimoja au viwili vya uji wa moto ili visigande ghafula, kisha vimimine sufuriani na kukoroga. Ute wa mayai uupige mpaka ufanye povu jeupe, uuchanganye taratibu. Ndio unaoifanya pudingi iwe nyepesi kinywani. Ikiwa italiwa na watoto wadogo, irudishe motoni kidogo huku ukikoroga, ili mayai yaive kabisa. Anayependa kuigandisha, na alowanishe bakuli kwa maji baridi kabla ya kuimwaga, nayo itatoka bila kung'ang'ania. Juu yake mimina maji ya marakuja yaliyotiwa sukari kidogo. Uchungu wa marakuja na utulivu wa maziwa hupatana sana, na kwa maoni yangu Waholanzi wangeujua mchuzi huo wangeyasahau matunda yao mekundu.

Jambo moja la usafi: chakula cha maziwa na mayai hakiwekwi mezani mchana kutwa. Vijidudu hukipenda kama watoto wanavyokipenda. Kiliwe siku ile ile, na pasipo na baridi ya mashine kisikae zaidi ya saa mbili.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapo ndipo swali la bibi linapojibiwa. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu kama 33 za protini, yaani chakula kile kinachojenga nyama ya mwili. Gramu 100 za semule zina gramu kama 12. Mayai mawili yana kama 12 tena. Jumla ni gramu 57. Ukigawanya kwa sahani sita, kila mtu amepata zaidi ya gramu 9. Mtoto wa miaka miwili ahitaji gramu 12 au 13 kwa siku nzima. Sahani moja imempa sehemu kubwa. Tena amepata miligramu zaidi ya 200 za kalsi, ambayo ni chokaa ya mifupa na meno.

Ondoa maziwa na mayai, weka maji mahali pake. Sufuria imejaa vile vile. Rangi ni nyeupe vile vile. Sukari imeficha kila kitu, na mtoto anaramba kijiko. Lakini sasa kila sahani ina gramu 2 tu za protini, na kalsi karibu hakuna. Hata nguvu ya kuupasha mwili moto imepungua zaidi ya nusu: kutoka kalori kama 220 mpaka 95 hivi.

Na hizo gramu 2 zenyewe ni pungufu. Protini hujengwa kwa vipande vya namna nyingi, kama vile nyumba isivyojengwa kwa matofali peke yake. Kipande kimoja kinachoitwa lisini ni haba sana katika ngano. Fundi mwenye matofali elfu lakini hana miimo ya milango hawezi kumaliza nyumba. Matofali yaliyozidi yatamfaa nini? Sasa maziwa, kwa kila gramu ya protini, yana lisini mara tatu hivi kuliko ngano. Ndiyo maana vitu hivi viwili vikikutana sufuriani kila kimoja hukisaidia kingine, na ngano ambayo peke yake ni maskini huwa chakula kamili. Nguvu ya sahani hii, basi, imo katika maziwa. Semule ni mkono unaoyabeba.

Wengine huniambia: «Lakini Mwalimu, semule nzuri ina rangi ya manjano, si ndiyo vitamini?» Hapana. Manjano ya ngano ngumu yatoka kwa rangi iitwayo luteini, ambayo mwili hauwezi kuigeuza kuwa vitamini A. Wekundu wa mawese na rangi ya karoti ni jambo jingine kabisa; hizo ndizo zinazokinga macho ya watoto. Tena pumba na kiini cha punje vikiisha kuondolewa kinuni, sehemu kubwa ya madini ya chuma na vitamini imekwenda navyo. Maziwa nayo ni maskini wa chuma. Kwa hiyo hata pudingi bora haijengi damu. Mtoto anayekula semule ya maziwa asubuhi bado ana haki ya sombe, ya maharagi, ya nyama kidogo au ya samaki adhuhuri.

Tuseme pia ni nani asiyepaswa kuila. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 atosheke na maziwa ya mama yake tu. Baada ya hapo huanza vyakula vingine polepole, akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na hata zaidi. Na wapo watu wachache ambao ngano yenyewe huwadhuru matumbo, maisha yao yote. Mganga wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyethibitisha jambo hilo. Wakati wa njaa kuu ya majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipokosekana, wagonjwa wake wenye maradhi hayo walipata nafuu. Ngano iliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 aliyaandika matokeo ya uchunguzi wake. Mtoto anayeharisha siku nyingi na kukonda kila apewapo ngano aonyeshwe kwa mganga.

Najua neno lililo midomoni mwa wasomaji: maziwa ni ghali. Ni kweli, na sitaki kuandika kana kwamba kila nyumba ina ng'ombe nyuma ya jiko. Maziwa ya unga husaidia: gramu 130 hivi za maziwa ya unga yenye mafuta yake, katika maji yaliyochemshwa, hufanya lita moja. Lakini fungueni macho dukani. Yapo makopo ya maziwa mazito yenye sukari nyingi kuliko maziwa. Ipo pia mifuko ya unga mweupe wa kutia katika kahawa, ambayo ukisoma maandishi yake madogo utakuta mafuta ya mimea na sukari, na maziwa ni jina tu. Unga huo haumlishi mtoto. Mwenye kujua kusoma na awasomee jirani zake. Ni sadaka isiyo na gharama.

Na pale ambapo maziwa hayapatikani kabisa, msing'ang'anie semule kwa sababu ni chakula cha picha nzuri. Huku Kivu akina mama wanaujua uji wa masoso, jina lililounganishwa kutoka mahindi, soya na sorgho (yaani mtama). Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, ndugu zao huuita sosoma. Soya hufanya katika uji huo kazi ile ile ambayo maziwa huifanya katika semule: huleta lisini ambayo nafaka imeikosa. Kijiko cha unga wa karanga, au sambaza wakavu waliotwangwa, huongeza tena. Rangi yake si nyeupe, wala haipindukii juu ya sahani kama pudingi ya Waholanzi. Lakini bibi wa mtaa wetu asingeuliza swali mbele ya bakuli hilo.

Ugonjwa aliouona bibi huyo waganga huuita kwashiorkor. Neno hilo ni la Waga wa Ghana. Mwaka 1933 mganga mmoja mwanamke aliyezaliwa Jamaika, Cicely Williams, aliueleza kwa maandishi baada ya kuwatazama watoto waliolishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Na mwaka 1935 akalitangaza jina ambalo wenyeji waliutumia, lenye maana ya ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anayekuja. Hakuhitaji kutunga jina la Kigiriki. Akina mama wa Accra walikuwa wamekwisha kuelewa. Waganga wa leo wanasema kwamba ukosefu wa protini peke yake hauelezi ugonjwa wote, na utafiti unaendelea. Kwa hiyo mzazi asijaribu kuuponya nyumbani kwa sahani kubwa ya maziwa na mayai; mwili uliodhoofika hivyo waweza kushindwa na chakula kingi cha ghafula. Hospitalini huanza na maziwa maalumu, mepesi, kidogo kidogo, usiku na mchana, na baadaye ndipo huongeza. Huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, hospitali imewatunza watoto wa namna hiyo tangu miaka mingi.

Yule mtoto wa mtaa wetu alipelekwa hospitalini kesho yake asubuhi, mgongoni mwa bibi yake, kwa kuwa mama alikuwa mzito. Katika siku za kwanza alizidi kukonda, na mama alilia akidhani anakufa. Kumbe ni maji yaliyokuwa yakimtoka mwilini, na mtoto wake wa kweli, mwembamba kama kijiti, akaonekana. Siku ya tisa alimpiga mtoto wa kitanda cha jirani kwa sababu ya kikombe. Muuguzi akacheka, akamwambia mama asimkaripie: mtoto anayegombana ana nguvu ya kugombana.

Sasa yuko nyumbani, na mdogo wake amekwisha zaliwa. Siku za juma hula masoso na sambaza, na jioni hula bukari na maharagi pamoja na wote. Jumapili, fedha zikipatikana, mama hununua maziwa lita moja na kupika semule. Bibi akiwapo hukaa karibu na jiko, naye huonja mara moja kabla ya sukari kutiwa, ili ajue kilichomo.